Usitoe hiyo laki nne, mdogo wangu

Umeandika una miaka 43, damu ya hedhi inatoka wiki mbili mpaka tatu na mabonge juu, kliniki ya tiba lishe imekupima kwa ile mashine yao ikakwambia homoni zimevurugika, na Jumamosi unaenda kulipia dozi ya laki nne. Usiende. Mimi hela hiyo nilitoa na damu ikaendelea kama kawaida.

Hicho kipimo nakijua. Unashika chuma mkononi, laptop inachorachora, mara printa inatema makaratasi yenye nyekundu na njano, nyongo imechoka, mifupa haina kalsiamu, homoni haziko balansi. Damu inatoka chini, wao wanapima kiganja! Mume wangu naye akashikishwa, karatasi yake ikaja na ukurasa mzima wa matatizo ya ovari, kumbe walisahau kubadilisha jinsia kwenye programu. Tukacheka, halafu tukalipa. Msinicheke peke yangu, humu kundini tupo wengi.

Ila wale walikula hela tu. Kilichotaka kuniua ni vidonge vya kukata damu, noretisteroni, yule wa duka la dawa mtaani alikuwa ananiuzia bila hata kuniuliza kama nina mimba. Unameza damu inakauka unajiona umepona, unaacha, siku mbili tatu inarudi, na ndivyo dawa yenyewe inavyofanya kazi ukiiacha, sasa mimi nadhani ugonjwa umekuwa sugu, narudi kununua nyingine, na kila ikikauka naahirisha hospitali. Hivyo hivyo mpaka ngazi za ghorofa moja zikawa zinanishinda na nikaanza kutafuna barafu, yaani nafungua friza usiku nakwangua, watu wanasema nina mimba. Kumbe madini ya chuma yameisha mwilini. Kupimwa Hb, yaani wingi wa damu, ni 5.4, nikatundikiwa damu siku hiyohiyo.

Na chanzo? Faibroidi, uvimbe wa kizazi usio saratani, ndogo tu, haifiki sentimita 3, imekaa ndani kwenye uwazi wa kizazi. Ultrasound ya tumboni ilishasema niko safi, ikaja kuonekana kwenye ile ya kuingiza ukeni. Dada yangu anayo kubwa kama embe dodo, iko nje ya kizazi, na hedhi yake siku nne anamaliza. Ukubwa siyo ishu, ishu imekaa wapi.

Kwa hiyo USIMEZE kitu cha kukata damu kabla hujaambiwa damu inatoka wapi. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, lilitoa mpangilio wa vyanzo mwaka 2011, PALM-COEIN, makundi tisa: kuna polipu (kinyama kinachoota ndani ya kizazi), faibroidi, saratani, damu isiyoganda vizuri, mpaka dawa na vitanzi. Yai kutopevuka, huko kwenye hizo homoni zao, ni kundi moja tu. Wao walijuaje ni hilo, kwa kiganja?

Hospitali waanze na kipimo cha mimba hata kama unaapa huna, picha nzima ya damu, na daktari aiangalie shingo ya kizazi kwa macho, asikuandikie dawa umekaa kwenye kiti. Halafu ultrasound ya ukeni, na kipimo cha thairodi, tezi ya shingoni, kama ataona inahusika. Ulizia pia kuchukuliwa kinyama cha ukuta wa ndani wa kizazi, kuanzia 45 hicho ni kawaida, chini ya hapo wanakifanya kama una uzito mkubwa, au hedhi imevurugika muda mrefu, au dawa zimeshindwa. Watajie kila ulichomeza, hata P2 ya kuzuia mimba ya dharura, hata hayo makopo ya tiba lishe. Na kama pedi inajaa kila saa, saa mbili mfululizo, au unaona kizunguzungu, hayo ya Jumamosi achana nayo, nenda emajensi sasa hivi.

Umeuliza pia juisi ya rosela na kushika mimba, hayo wengine watakujibu. Wewe niambie kwanza Hb yako ngapi.