Jibu: Utando wa polima hujuaje mahali pa kuachia dawa?

Ndugu, umeuliza ni kitu gani kinachoizuia dawa isivuje njiani kabla chembechembe za nano, yaani vibebeo vidogo mno vya dawa vilivyofunikwa kwa utando wa polima (molekuli ndefu kama minyororo), hazijawafikia bakteria. Jibu limo katika kemia ya utando wenyewe. Chukua kitosani, polima inayotokana na magamba ya kamba na kaa: vikundi vyake vya amini (sehemu za molekuli zenye nitrojeni), ambavyo katika pH 7.4 ya damu (pH ni kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) kwa sehemu kubwa havina chaji, hupokea protoni na kupata chaji chanya pH inaposhuka chini ya takriban 6.5, minyororo ikaanza kusukumana, utando ukavimba na dawa ikapata upenyo. Sasa, ndani ya ukoga wa meno, muda mfupi baada ya mtu kula sukari, bakteria aitwaye Streptococcus mutans hutengeneza asidi ya laktiki inayoweza kuishusha pH chini ya 5.5, kwa hiyo mdudu mwenyewe ndiye anayejifungulia mlango. Chaji chanya hiyo hiyo huuvuta utando kwenye kuta za bakteria, ambazo zina chaji hasi.

Usiichukulie kanuni hii kuwa ya kila mahali, lakini. Kidonda sugu mara nyingi huelekea ualkali, na huko ningependelea utando wa asidi ya hayaluroniki, ambao hukatwa na kimeng'enya kinachotolewa na bakteria Staphylococcus aureus.