Jibu: Majirani wanapinga chimbo la changarawe Mikindani

Salaam ndugu. Unataka kufungua chimbo la changarawe Mikindani, ila majirani wanapinga: wanahofia visima kukauka na malori kupita shuleni. Anza na visima, kabla hujachimba hata ndoo moja. Shusha kamba yenye jiwe mpaka iguse maji, pima kutoka ukingoni, mwenye kisima aandike na kusaini. Rudia kila wiki mbili. Oktoba maji huwa chini. Ukikosa kumbukumbu, kisima kikikauka kiangazi lawama ni zako. Ila sakafu ya shimo ipange kwa kipimo cha Aprili, maji yakiwa juu, ibaki juu ya usawa huo wa maji. Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini ipo Mtwara, wahusishe mapema.

Malori yafunikwe turubai, yasipite saa wanafunzi wanapoingia na kutoka. Hayo yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano na wakazi.