Maswali na Majibu: Kwenda Shuleni kwa Miguu na kwa Baiskeli

Binti yangu wa miaka 14 hutembea karibu nusu saa hadi shuleni. Je, hayo ni mazoezi au ni uchovu tu? (Mama, Umoja)

Ni mazoezi, mama, mradi mwendo wake uwe wa haraka kiasi kwamba anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba walio kati ya miaka 5 na 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na akienda na kurudi kwa mwendo huo atakuwa amezifikia. Utafiti wa shirika hilo uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma ya wavulana. Akilalamikia uchovu, chunguza kwanza uzito wa mkoba, saa anazolala, na iwapo huondoka bila kiamshakinywa.

Kati ya miguu na baiskeli, ni ipi bora? (Mwanafunzi, Kayole)

Kwa moyo na mapafu, ni baiskeli. Watafiti waliowapima wanafunzi wa Odense, nchini Denmark, waliwakuta waendao shuleni kwa baiskeli wakiwa na stamina kuliko waendao kwa miguu au kwa gari. Odense, hata hivyo, ina njia za baiskeli, ilhali kwetu Nairobi hata palipo na njia hiyo utakuta bodaboda wakiipita na mchuuzi ametandaza mitumba juu yake. Kwa hiyo epuka barabara kuu ya Outering, pitia barabara za mtaani, kagua breki zote mbili kabla ya kutoka, na uvae helmeti iliyokaa vidole viwili juu ya nyusi.

Je, moshi wa Jogoo Road hauwadhuru? (Mzazi, Makadara)

Unadhuru, na barakoa ya kitambaa haizuii zile chembe ndogo zinazofika ndani ya mapafu. Moshi hupungua kadiri mtu anavyojitenga na barabara kuu, kwa hiyo njia ya ndani inafaa hata ikiongeza dakika chache.

Mwanangu havuki barabara kwa daraja la waendao kwa miguu kwa sababu jioni wezi hukaa juu yake. Nifanye nini? (Baba, Mathare)

Avuke darajani pamoja na wenzake, kabla ya giza. Nanyi wazazi mwandikieni mwakilishi wadi mkidai taa, mkitaja sera ya kaunti ya mwaka wa 2015 kuhusu waendao kwa miguu na kwa baiskeli.