Swali la lugha: utando una "mkazo" au "umenyumbuka"?

SWALI: Natafsiri makala ya fizikia kuhusu feroelektriki (vitu vyenye ncha za umeme zinazobaki hata uga wa umeme wa nje ukiondolewa) zenye unene wa tabaka chache za atomu, na namna watafiti wanavyobadili mpangilio wa ncha zake za umeme kwa kuzivuta na kuzibana. Niliandika "utando umenyumbuka kwa asilimia 1". Mhariri akabadilisha ikawa "utando una mkazo wa asilimia 1". Je, si yale yale? Na feroelektriki nikiiita "chuma cha umeme" nitakosea?

JIBU: Si yale yale, na sentensi yako irudishwe. Mkazo ni kani inayoelemea kila kipimo cha eneo, nao hupimwa kwa paskali. Wewe unaeleza kilichoupata utando wenyewe. Waya wa milimita 100 ukivutwa ukafika milimita 101, umenyumbuka kwa asilimia 1. Ni urefu uliogawanywa kwa urefu, hauna kizio. "Mkazo wa asilimia 1" unamwacha msomaji akiuliza: asilimia ya nini?

Kauli ya kutendeka inatusaidia sana hapa. Mtu hunyumbua, kitu hunyumbuka. Nomino yake, "mnyumbuko", imetokana na hicho kitenzi cha pili, tena ni ndugu wa "unyumbufu" tuliouzoea darasani. "Kuvutika" nako si kosa, ila kunabeba upande mmoja tu, na watafiti hawa hubana pia.

Katika fani hii tofauti hiyo ina uzito. Mwaka 2004 watafiti waliotesha utando wa titaneti ya strontiamu (kiwanja cha strontiamu, titani na oksijeni) juu ya fuwele yenye atomu zilizoachana zaidi kidogo. Atomu za utando zikajipanga kulingana na zile za chini, utando ukanyumbuka kwa takriban asilimia 1, ukawa feroelektriki katika halijoto ya chumba. Titaneti hiyo ikiachwa huru haiwi hivyo hata ikipozwa hadi karibu na sifuri halisi (takriban nyuzi -273 za Selsiasi). Kipimo kilichotajwa pale ni umbali kati ya atomu, si kani. Ukiandika "mkazo" umebadilisha jaribio lenyewe.

Ruwaza za ncha nazo hufuata mnyumbuko. Utando wa titaneti ya risasi ukibanwa kutoka pembeni, ncha husimama wima. Ukivutwa vya kutosha, hulala. Tabaka za atomu chache zina nafasi kubwa zaidi ya kuchezewa hivi, maana huweza kunyumbuka kwa asilimia kadhaa bila kupasuka, ilhali kipande kinene cha kauri hupasuka kabla ya kufika asilimia 1.

Kuhusu "chuma cha umeme", liache. Joseph Valasek aliigundua tabia hii mnamo 1920 katika chumvi ya Rochelle, ambayo haina chuma. Jina lilitokana na kuifananisha na usumaku wa chuma: ncha hubaki hata uga wa nje ukiondolewa, na uga huo ukielekezwa kinyume, hugeuka. Andika "feroelektriki", ngeli ya I-/ZI-: feroelektriki hii imenyumbuka, feroelektriki hizi zimenyumbuka.