Ukihamia Umbria, anza na basi la kurudi

Wengi wanaokuja kusoma Perugia, mji mkuu wa Umbria, mkoa wa katikati ya Italia, hufika na orodha ndefu: Roma, Venezia, Milano, Firenze, zote kabla ya Krismasi. Kufikia Novemba mfuko umekauka na picha zote zinafanana. Ushauri wangu kwenu wageni ni kwamba miji mikubwa muiache kwanza, mtaizunguka ndugu wakija kuwatembelea. Anzeni na miji midogo ya jirani, mmoja kwa siku, kwa ile treni ya polepole wanayoiita regionale. Nauli yake ni nafuu na haipandi hata ukikata tiketi dakika tano kabla ya kuondoka. Tiketi ya karatasi igonge kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Ya simu ithibitishe kwenye simu yenyewe. Mkaguzi hasikilizi maelezo.

Lakini karatasi zitangulie matembezi. Ukiingia na viza ya masomo una siku 8 za kazi za kuomba kibali cha kukaa, permesso di soggiorno. Fomu huchukuliwa posta ndani ya bahasha, unajaza, unabandika stempu ya euro 16, unairudisha posta na kupewa risiti pamoja na tarehe ya kwenda Questura, yaani polisi, kuchukuliwa alama za vidole. Kadi yenyewe huja baada ya miezi. Mpaka hapo tembea na risiti hiyo na pasipoti. Hata nyumba ya wageni ya chumba kimoja itakuomba pasipoti, kwa kuwa sheria inawataka kupeleka majina ya wageni polisi.

Risiti inakuruhusu kuzunguka Italia yote, na kwenda nyumbani na kurudi, ila si kupitia nchi nyingine ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kwa hiyo ikiwa viza imekwisha muda na kadi haijatoka, likizo ya Mombasa au Dar kata tiketi inayopitia Addis Ababa, Doha au Istanbul. Ile ya bei poa inayobadilisha ndege Frankfurt iache, hata wakala akikubembeleza.

Haya, safari. Mimi nikipanga matembezi natazama kwanza basi la mwisho la kurudi, ndipo nachagua mji. Ratiba za mabasi ya vijijini zina siri zake. Penye neno feriale ni Jumatatu mpaka Jumamosi. Festivo ni Jumapili na sikukuu. Na penye scolastico basi hilo hutembea siku za shule tu, kwa hiyo Juni shule zikifungwa nalo linatoweka. Kijiji chenye mabasi mengi Alhamisi chaweza kisiwe na hata moja Jumapili. Tiketi huuzwa kwenye duka la sigara lenye herufi T mlangoni, ambalo Jumapili mchana huenda limefungwa, basi nunua ya kwenda na ya kurudi pamoja. Siku ya mgomo (na migomo mingi hupenda Ijumaa, msiniulize kwa nini) treni za mkoa zina saa zilizolindwa siku za kazi, yaani treni za lazima hutembea hata kwa mgomo: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 hadi saa 3 usiku. Panga humo.

Kutoka Perugia reli ina pande mbili. Upande wa Foligno unafika Assisi. Stesheni iko chini, Santa Maria degli Angeli, na mji wenyewe uko juu kilimani. Kuna basi, lakini kwa miguu kuna njia ya matofali inayopanda katikati ya mashamba, na mji mzima unauona mbele yako wakati wote. Kuingia kanisa kubwa la Mtakatifu Fransisko ni bure, ila funika mabega. Wenyeji watakwambia habari za tetemeko la 1997 lililoangusha sehemu ya dari yake. Baada ya Assisi watu wengi hugeuza. Wewe endelea mbele kidogo mpaka Spello, mji mdogo wa mawe ya rangi ya waridi, vyungu vya maua kila ngazi. Jumapili ya Corpus Domini, sikukuu ya Mwili wa Kristo, huamka mitaa yote imetandikwa picha za petali, zilizopangwa usiku kucha. Kwangu mimi Spello inaishinda Assisi, na ukipata kiti kwenye kibaraza cha kahawa hutataka kitu kingine.

Upande wa pili reli inapita ukingoni mwa ziwa Trasimeno. Shuka Passignano upande boti ya Isola Maggiore, kisiwa kidogo kisicho na pilikapilika, na jambo lile lile: uliza boti ya mwisho kabla ya kupanda ya kwanza.

Kuanzia saa 7 hadi saa 10 mchana maduka ya miji hii hufungwa, na jikoni za mikahawa huzimwa mapema kuliko unavyodhani. Ukifika saa 9 na njaa utakula biskuti. Kahawa inywe umesimama kaunta, ukikaa mezani bei hubadilika. Kwa Waislamu, Umbria ni nchi ya nguruwe. Mji wa Norcia unasifika nao Italia nzima. Mafuta ya nguruwe, strutto, huingia hata kwenye mikate kama piadina, ule mkate bapa, kwa hiyo ulizeni. Supu ya adesi za Castelluccio ni tamu sana, lakini nayo uliza kama imepikwa na nyama.

Sisi wa Malindi, kwenye watalii wengi wa Kiitaliano, tunakuja na Kiitaliano cha hotelini na cha bichi, na kinatubeba kweli, ila kimejaa ciao, salamu ya marafiki. Ofisini na kwa wazee sema buongiorno, salamu ya heshima, tena uingiapo dukani kabla hujauliza chochote. Anayeingia kimya huhudumiwa kimya.

Mwisho, wale wa kupanda vilima kwa miguu: msimu wa kuwinda huanza Jumapili ya tatu ya Septemba hadi mwisho wa Januari, na misitu ya Umbria hujaa watu wenye bunduki wakitafuta nguruwe pori. Kisheria Jumanne na Ijumaa hakuna kuwinda. Matembezi ya msituni yawekeni siku hizo, na siku nyingine vaeni nguo za rangi kali na msiache njia kuu.