Chingamu ya nikotini: je, ni sumu ileile?

SWALI: Dada mfamasia, ni dereva wa matatu, Kawangware. Nimevuta miaka 19. Sigara ya kwanza huiwasha kabla ya chai. Sasa natafuna chingamu ya nikotini, lakini koo lawaka na kwikwi haziishi. Je, sijabadilisha sumu kwa sumu?

JIBU: Hujabadilisha, kaka, na nimefurahi mno kwamba umeanza. Nikotini ndiyo iliyokufunga, lakini kinachoharibu mapafu hasa ni moshi na lami yake. Shirika la Afya Duniani liliiweka chingamu hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009.

Shida yako ni kutafuna haraka. Hii si bazoka! Tafuna polepole hadi uhisi mwasho kama wa pilipili, kisha ibane kati ya shavu na ufizi. Mwasho ukipoa, tafuna tena. Nusu saa yatosha. Ukiharakisha, unameza nikotini pamoja na mate, ndipo kwikwi zinapokuja. Kahawa na soda ziache dakika 15 kabla.

Kwa mvutaji wa alfajiri kama wewe, ya miligramu 4 yafaa kuliko ya 2. Usizidishe vipande 24 kwa siku. Ikiwa umepata mshtuko wa moyo karibuni, muone daktari kwanza. Na pakiti isikae kwenye dashibodi, tafadhali: mtoto akiila, ni hatari kweli.