Maswali ya Wasomaji: Ziara ya Shule Kuvuka Namanga

Sisi ni walimu wa historia Machakos. Mwezi wa Julai tunapeleka wanafunzi 40 wa kidato cha nne Tanzania kwa siku 4. Tumepanga Arusha, Kreta ya Ngorongoro, Olduvai na Serengeti. Siku zitatosha?

Hazitoshi, Walimu. Ondoeni Serengeti kabisa. Na hata kushuka kreta, tungewashauri mfikirie mara mbili, ingawa wanafunzi watanung'unika.

Basi la shule halishuki kreta. Kule chini huingia magari ya four-wheel tu, na Land Cruiser moja hubeba watu sita au saba, kwa hiyo kundi lenu pamoja na walimu litahitaji magari saba au nane. Kando na kiingilio cha kila mtu, kuna ada ya kila gari linaloshuka, na hiyo ndiyo huvuruga bajeti za shule nyingi. Liacheni basi Arusha, kodini Coaster mbili za huko, mwangalie kreta kutoka ukingoni, kisha muda wote uliobaki uende Olduvai, korongo lilikopatikana mabaki ya binadamu wa kale. Simba wanafunzi wenu watawaona hata Kenya. Korongo lile hawataliona kwingine.

Siku ya kwanza fikeni Arusha mchana na mwende Makumbusho ya Azimio la Arusha. Mwanafunzi aliyesoma Sessional Paper Namba 10 ya Kenya ya 1965, waraka wa serikali kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, aingie na swali moja: Azimio la 1967 lilitofautiana nayo wapi kuhusu umiliki wa mali? Siku ya pili asubuhi piteni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki (andikeni barua mapema, hawapokei kundi la ghafla), halafu mlale Karatu. Siku ya tatu ondokeni saa kumi na mbili alfajiri. Ukishapita lango la Lodoare, la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro, barabara ni ya vumbi na kona, na watalii wanaoelekea Serengeti hufurika Olduvai kuanzia saa sita mchana. Mkifika kabla ya saa nne, mwongozaji atakuwa na muda nanyi. Kibali cha hifadhi huhesabiwa saa 24 tangu mpite lango. Mkizidisha, mtalipa tena.

Viingilio vya raia wa Afrika Mashariki ni nafuu sana kuliko vya wageni wengine, lakini langoni hawaangalii sare ya shule, wanaangalia hati. Iandikieni Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro mapema mkiambatisha orodha ya majina na namba za hati, na mlipe kwa utaratibu watakaowapa. Msibebe mfuko wa noti mkitarajia kulipia langoni.

Hapo Olduvai, kazi ya kwanza ifanyike kabla mwongozaji hajafungua mdomo: dakika 20 za kuchora matabaka ya korongo kutoka kituo cha kutazamia. Tabaka la tatu ni jekundu, halikosekani. Wakilipata hilo watahesabu kwenda chini hadi la kwanza, ambalo ndilo lililotoa fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, aliloligundua Mary Leakey mwaka 1959. Mwongozaji akianza kueleza, kila mmoja atakuwa na mchoro wa kuandikia. Wasipochora kwanza, watapiga picha za miamba na wiki moja baadaye hawatajua ipi ni ipi.

Waambieni pia, kabla ya kuondoka nyumbani, kwamba fuvu halisi limehifadhiwa Dar es Salaam, na nyayo za jamaa wa kale wa binadamu za Laetoli, zenye umri wa miaka takriban milioni 3.6, zimefukiwa makusudi ili zisiharibike. Watakachoona katika makumbusho ya Olduvai ni nakala zake. Mwanafunzi anayegundua hilo pale pale huona ametapeliwa na huacha kusikiliza.

Binti yangu anaenda na shule Arusha. Nimwandalie nini? — Mama, Nakuru

Mama, anza na chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kumchoma wiki ya safari hakusaidii kitu. Ni chanjo ya vijidudu hai. Kama ana mzio wa mayai au kinga yake ni dhaifu, mwone daktari kwanza. Abebe cheti chenyewe, si picha kwenye simu.

Pasipoti nayo uiombe miezi kadhaa kabla, na barua yako ya ruhusa iwe na sahihi na namba ya simu. Pesa za matumizi zibadilishwe benki au duka la fedha lenye leseni. Wabadilishaji wa barabarani Namanga hukunja noti, ikahesabiwa mara mbili. Kwa hesabu ya haraka, noti ya 10,000 ya Tanzania ni kama shilingi 500 zetu.

Sweta nzito, hata akikwambia Tanzania kuna joto. Kama watafika Ngorongoro, ukingo wa kreta uko mita 2,300 hivi juu ya bahari, na Julai asubuhi ni baridi kali. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku huko tangu Juni 2019. Nguo afungie za kitambaa.

Nitaongeaje na Watanzania bila kuchekwa? — Mwanafunzi, Thika

Anza na salamu, tena usiikate. Mtu mzima mpe "Shikamoo", ungoje "Marahaba", ndipo uulize. Dukani sema "naomba", si "nipe". Ukitaka kumpiga Mmaasai picha, mwombe kwanza. Wengine hutaka malipo, mkubaliane kabla ya kutoa simu.

Mwanangu hutapika garini.

Akae viti vya mbele, asisome wala kuchezea simu. Mwalimu ampe dawa ya kichefuchefu nusu saa hadi saa moja kabla ya safari, si akishaanza kutapika. Asile chapati na maharagwe asubuhi ya kupanda kutoka Karatu kwenda Ngorongoro.